Sura ya 7: Siku Moja Istanbul, Familia Nzima

"Tuna siku moja tu mjini. Tuone nini, tuache nini?"

Familia nyingi huuliza swali hili zinapopanga likizo ya nje, na kwa msafiri wa Afrika Mashariki mji unaohusika mara nyingi ni Istanbul. Ndege za kutoka Nairobi, Dar es Salaam, Zanzibar na Entebbe huenda huko moja kwa moja, na wengi wanaokwenda kumwona shangazi Uingereza au kaka aliyehamia Kanada hupitia hapo. Wapo wanaokaa wiki nzima. Walio wengi hupata siku moja au mbili, nao hutaka kuzijaza pomoni.

Jibu la sura hii ni fupi: chagueni eneo moja la mji, mambo matatu makubwa ndani ya eneo hilo, na jambo moja la kufanya mkiwa mmekaa. Yaliyobaki yaacheni bila majuto. Sababu zake tutaziona kwa kufuata familia moja ya mfano: baba, mama, bibi wa miaka 68, binti wa miaka 12 na mdogo wake wa kiume wa miaka 6.

Kwa nini siku huisha kabla ya orodha?

Istanbul ina watu zaidi ya milioni 15. Upande mmoja wa mji uko Ulaya, wa pili uko Asia, na katikati umepita mlango wa bahari wa Bosphorus, wenye urefu wa kilomita 30 hivi. Kwenye ramani ya simu kila kitu huonekana kiko jirani. Barabarani kuna milima, ngazi na msongamano wa magari ambao mkazi wa Dar au Nairobi ataufahamu mara moja.

Mambo matatu hula siku ya matembezi:

- Kuhama. Kila mnapobadilisha eneo mnatafuta kituo, mnangoja usafiri na kuuliza njia.
- Foleni. Kuna ya tiketi, kuna ya ukaguzi wa mabegi, na mara nyingine kuna ya choo.
- Miguu na tumbo. Mtoto wa miaka 6 huchoka ghafla. Sasa hivi anakimbia, dakika mbili baadaye ameketi chini na hasogei. Bibi naye anaweza kuchoka kimya kimya kwa kuwa hataki kuwaharibia wenzake.

Piga hesabu. Tuseme mmepanga kuona sehemu sita zilizotawanyika mjini. Kuhama kwa nusu saa kila mara ni saa tatu. Foleni za dakika 20 kila sehemu ni saa mbili. Ongeza saa moja ya chakula. Saa sita zimekwisha na bado hamjatazama kitu. Mtaka yote hukosa yote, na katika miji mikubwa methali hiyo hutimia kabla ya alasiri.

*Kwa ufupi: muda mwingi haupotelei ndani ya vivutio, hupotelea kati ya kivutio na kivutio. Ukipunguza kuhama, umepata siku.*

Kalenda kwanza, ramani baadaye

Familia nyingi huanza na ramani. Anza na kalenda, kwa sababu hakuna ramani itakayokufungulia mlango uliofungwa. Kwa Istanbul, kumbuka haya:

- Jumba la Topkapı hufungwa Jumanne.
- Jumba la Dolmabahçe hufungwa Jumatatu.
- Soko Kuu, ambalo Waturuki huliita Kapalıçarşı, hufungwa Jumapili na wakati wa sikukuu za Idi.
- Msikiti wa Sultan Ahmed hauruhusu watalii wakati wa sala, na Ijumaa hufunguliwa kwao baada ya sala ya mchana.
- Majengo ya kale hukarabatiwa mara kwa mara. Angalia tovuti ya mahali penyewe kabla ya kumwahidi mtoto chochote.

Saa zinawapendelea wasafiri wetu. Tangu Uturuki ilipoacha kubadilisha saa zake mwaka 2016, saa ya Istanbul na ya Afrika Mashariki ni ile ile mwaka mzima. Mtoto aliyezoea kuamka saa kumi na mbili Moshi ataamka saa kumi na mbili Istanbul. Hilo ni faida kubwa kwa mwenye siku moja.

Jua, hata hivyo, halifuati mazoea yetu. Mwezi Juni huzama saa mbili na nusu usiku ikiwa imepita, kwa hiyo jioni ni ndefu na ina mwanga. Mwezi Desemba, wakati wa likizo ndefu ya shule zetu, huchomoza karibu saa mbili na nusu asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi na mbili jioni. Baridi ni ya kweli, mvua ni ya kawaida, na theluji huanguka mara nyingine. Mwenye kusafiri Desemba apange siku fupi na koti zito.

Familia yetu ya mfano inasafiri Juni na imechagua Alhamisi. Milango yote waliyoitaka iko wazi.

Eneo moja: Sultanahmet

Ukiwa na siku moja tu, nenda Sultanahmet. Huu ndio moyo wa mji wa kale. Hapa walikaa wafalme wa Bizanti, yaani Dola ya Rumi ya Mashariki, na baada ya mwaka 1453 wakaingia masultani wa Dola ya Osmani, waliotawala hadi 1922.

Simama kwenye bustani yenye chemchemi iliyo katikati ya uwanja. Upande mmoja iko Ayasofya, na upande wa pili Msikiti wa Sultan Ahmed, huku misikiti na makuba yakitazamana. Nyuma ya Ayasofya ndipo lilipo lango la Topkapı. Ukivuka barabara ya tramu, yaani treni ndogo ya mjini inayopita barabarani, unafika Yerebatan, ghala la maji la chini ya ardhi. Kutoka sehemu moja hadi nyingine ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, hata kwa hatua za bibi.

Kuna na cha bure. Kando ya Msikiti wa Sultan Ahmed, palipokuwa uwanja wa mashindano ya magari ya farasi, imesimama nguzo ya mawe kutoka Misri. Ilichongwa enzi za Farao Thutmose III, ikasimamishwa hapo mwaka 390 na mfalme Theodosius wa Kwanza. Maandishi yake ya picha za ndege, macho na wadudu bado yanasomeka wazi, na mtoto anaweza kuyahesabu bila tiketi wala foleni.

Kura ya usiku

Usiku wa kuamkia matembezi, keti na familia nzima. Kila mmoja ataje kitu kimoja anachokitaka kuliko vyote. Kimoja tu, na mtoto mdogo apewe nafasi sawa na mkubwa. Halafu wazazi wapunguze orodha hadi vitatu na waeleze kwa nini vingine vimeachwa.

Kikao hicho huondoa ugomvi wa kesho yake. Mtoto anayejua kwamba zamu yake inakuja saa tisa huvumilia zamu ya bibi asubuhi. Na bibi aliyeulizwa anataka nini husema kweli kuhusu magoti yake.

Katika familia yetu, bibi anataka kuona vitu vitakatifu vilivyoko Topkapı. Binti amesoma habari za Ayasofya. Mdogo wake anataka "kile kichwa cha mwanamke mwenye nywele za nyoka", nacho kiko Yerebatan. Mama anataka kupanda chombo baharini. Baba alitaka Soko Kuu na Mnara wa Galata wa mwaka 1348, lakini vyote viwili viko nje ya eneo, naye amekubali kuviacha. Siku imepatikana.

Siku yenyewe

*Saa tatu asubuhi: Topkapı*

Anzeni na sehemu kubwa zaidi, nguvu zikiwa bado mwilini. Jumba hili lilianza kujengwa na Sultan Mehmed wa Pili muda mfupi baada ya kuuteka mji, nalo likawa makao ya masultani hadi 1856, walipohamia Dolmabahçe. Tangu 1924 ni makumbusho. Lina nyua nne, moja nyuma ya nyingine, na anayetaka kuona kila chumba atamaliza siku humo. Familia yenye watoto ichague sehemu tatu.

Ya kwanza ni jikoni. Chini ya mabomba marefu ya moshi palipikwa chakula cha maelfu ya watu wa jumba, na leo pamewekwa vyombo vya udongo wa Kichina. Mkusanyiko wa jumba hili unazidi vipande 10,000. Mwambie mtoto asimame mbele ya sahani moja ya kijani kibichi, aitazame kwa makini: rangi imetulia kama maji ya kina kifupi, na chini yake kuna maua yaliyochorwa kwa ncha kabla ya chombo kuchomwa. Halafu mweleze kwamba bakuli za Kichina zilipachikwa pia kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi, na vipande vyake vimefukuliwa Gede, karibu na Malindi. Bahari ile ile ya biashara iliyofika kwetu ilifikisha vyombo hivi kwa sultani. Historia ya nchi ya mbali huanza kumhusu mtoto hapo, akishajua kwamba na kwao imo.

Ya pili ni vyumba vya vitu vitakatifu, vinavyohifadhi joho linalonasibishwa na Mtume Muhammad, panga na amana nyingine. Humo Kurani husomwa na msomaji aliyepo palepale, na picha haziruhusiwi. Mwacheni bibi akae humo anavyotaka.

Ya tatu ni ua wa mwisho, ambao una upepo na unaangalia bahari. Hapo pumzikeni, halafu tokeni.

*Saa tano: Ayasofya*

Ayasofya ilikamilika mwaka 537 kwa amri ya mfalme Justinian, ikiwa kanisa. Mwaka 1453 ikawa msikiti, mwaka 1935 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2020 ikarudi kuwa msikiti. Kuba lake lina upana wa mita 31 hivi na kimo cha mita 55 kutoka sakafuni.

Utaratibu wa kuingia unahitaji maelezo. Tangu Januari 2024 watalii wa kigeni huingia kwa tiketi ya euro 25 na kutembelea ghorofa ya juu. Sakafu ya chini ni ya wanaosali, nao hawalipi. Kwa hiyo binti na baba wanaweza kupanda juu, huku bibi na mama wakiingia kusali chini kwa mlango wa waumini. Kubalianeni kwanza mahali pa kukutana baadaye.

Huko juu mpe mtoto kazi ya kutafuta vitu viwili. Kimoja ni mozaiki ya Yesu, Mariamu na Yohana Mbatizaji. Mozaiki ni picha inayotengenezwa kwa vipande vidogo vya mawe na kioo. Kingine ni maandishi yaliyokwaruzwa kwenye ukingo wa marumaru zaidi ya miaka 1,000 iliyopita na mtu wa kaskazini ya Ulaya aliyeitwa Halvdan. Hapohapo, usawa wa macho, kuna duara kubwa zenye majina ya Allah, Mtume na makhalifa kwa hati za dhahabu. Mtoto ataona dini mbili na vizazi vingi chini ya paa moja, na maswali atakayouliza ni bora kuliko hotuba ya mzazi.

*Adhuhuri: sala, chakula, kivuli*

Adhuhuri ya Istanbul huingia karibu saa saba mchana. Familia ya Waislamu isali Msikiti wa Sultan Ahmed, uliojengwa kati ya 1609 na 1616, wenye minara sita na vigae vya Iznik zaidi ya 20,000 ukutani. Familia isiyosali ile kwanza, iingie baada ya sala. Kuingia ni bure. Viatu huvuliwa, magoti na mabega hufunikwa, na wanawake hufunika nywele.

Chakula hakihitaji hoteli ya kifahari. Supu ya adesi, mkate, na nyama ya kusaga iliyochomwa hupatikana mitaa ya jirani. Vikokoteni vya uwanjani huuza simit, mkate wa duara uliojaa ufuta, pamoja na mahindi ya kuchoma ambayo mtoto wetu hahitaji kuelezwa.

Baada ya chakula msikimbilie kivutio kingine. Teremkeni hadi bustani ya Gülhane, iliyokuwa sehemu ya viwanja vya jumba la sultani. Ina miti mikubwa, viti na nyasi, na haina kiingilio. Saa moja ya kivuli ndiyo inayookoa alasiri.

Njiani mtakutana na wauza aiskrimu ya Kituruki, ambayo hunata na kuvutika. Muuzaji humpa mtoto koni kwenye ncha ya fimbo ndefu ya chuma, mtoto akiishika, koni imegeuzwa kichwa chini. Akijaribu tena, mkononi kabaki na koni tupu, na aiskrimu yote imerudi kwenye fimbo. Kengele inagongwa, watu wanacheka, na mwishowe mtoto anapewa haki yake. Tengeni dakika kumi kwa hilo.

*Saa tisa: Yerebatan*

Jua likiwa kali, shukeni chini ya ardhi. Yerebatan ilijengwa mwaka 532, enzi hizo hizo za Justinian, kuhifadhi maji ya mji. Nguzo 336, kila moja ya mita 9, zimebeba paa lake. Ilipojaa iliweza kuchukua lita milioni 80 hivi za maji, sawa na matangi 16,000 yale ya lita 5,000 tunayoyaweka juu ya nyumba zetu.

Ndani ni baridi, mwanga ni hafifu na sakafu huwa na unyevu, basi mshike mtoto mkono. Mwisho kabisa, chini ya nguzo mbili, kuna vichwa viwili vya Medusa, yule mwanamke wa hadithi za Kigiriki ambaye aliyemtazama aligeuka jiwe. Kimoja kimelazwa ubavu, kingine kimepinduliwa. Ni mawe ya jengo la zamani zaidi yaliyotumiwa tena kama misingi. Mvulana wetu atapinda shingo mpaka amwone Medusa uso kwa uso.

*Jioni: kivuko*

Pandeni tramu ya T1 kutoka Sultanahmet hadi Eminönü, vituo vitatu tu, kwa kutumia Istanbulkart, kadi ya usafiri inayonunuliwa na kuongezwa pesa kwenye mashine za vituoni. Hapo Eminönü panda kivuko cha kawaida cha abiria kwenda Üsküdar. Ni usafiri wa wananchi, kwa hiyo nauli ni ndogo, na safari haifiki nusu saa.

Kaeni nje. Mhudumu hupita na sinia ya chai katika glasi ndogo, na ndege wa baharini hufuata chombo wakidaka vipande vya simit vinavyorushwa na abiria. Nyuma mnauona mji wa minara mliokuwamo mchana kutwa. Mbele ni Asia.

Kurudi, tumieni treni ya Marmaray, iliyofunguliwa mwaka 2013. Kutoka Üsküdar hadi Sirkeci inapita chini ya bahari kwa dakika kama nne. Mtoto atakuwa amevuka kutoka bara hadi bara juu ya maji, na kurudi chini yake.

Mkobani na mfukoni

Beba vichache, lakini hivi visikosekane:

- viatu vilivyokwisha kuzoeleka mguuni, na soksi safi za msikitini;
- mtandio au kanga kwa kila mwanamke na binti;
- maji, kitu cha kutafuna, na sarafu za vyoo vya kulipia;
- betri ya akiba ya simu;
- karatasi mfukoni mwa kila mtoto yenye namba ya simu ya mzazi na jina la hoteli.

Kuhusu pesa, viingilio vya Topkapı, Ayasofya na Yerebatan ni ghali kwa mgeni, na hubadilika. Jumlisheni gharama ya wote kabla ya kuondoka nyumbani, muone kama kura yenu inalingana na mfuko. Mkibanwa, acheni kimoja. Misikiti, bustani, nguzo ya Misri na kivuko vinatosha kuijaza siku.

Tahadhari mbili. Ukipanda teksi, hakikisha mita imewashwa. Na ukimwona mng'arisha viatu akiangusha brashi mbele yako, mwite kwa sauti na uendelee na safari. Ukiiokota, atasisitiza kukusafishia viatu kama shukrani, kisha atadai malipo makubwa.

Muhtasari wa sura

1. Angalia kalenda ya milango kabla ya ramani.
2. Chagua eneo moja linalotembeleka kwa miguu.
3. Kila mwanafamilia apige kura, vibaki vitatu.
4. Kizito kiwe asubuhi, kivuli kiwe mchana, cha kukaa kiwe jioni.
5. Mwendo wa familia ni mwendo wa aliye taratibu kuliko wote.

Kanuni hizi zitakufaa Cairo, London au Muscat vilevile, ukibadilisha majina na siku za kufunga. Wala usimhurumie aliyerudi bila kuuona Mnara wa Galata. Mhurumie aliyepita mbele ya vitu kumi akivuta mtoto anayelia, na leo hawezi kueleza hata kimoja. Kwa hiyo usiku ule kabla ya safari, chukua orodha yako ndefu, ukae na watoto na wazee wako, na mkate mpaka vibaki vitatu.